Joseph Fourier na Njia za Joto

Watoto wa Lubumbashi wanaijua mota ya umeme. Wameiona katika kinu cha kusaga mahindi, katika karakana ya seremala, na katika pampu inayovuta maji kisimani. Mota haitoi moshi kama lori, wala haiombi kuni wala makaa. Huzunguka tu, saa baada ya saa. Lakini fundi mwenye busara huipitia mara kwa mara, akaweka mkono karibu na ganda lake. Kama ganda ni vuguvugu, huenda zake kwa amani. Kama ni la moto mno, huizima upesi. Kwa nini afanya hivyo? Kwa sababu anajua ya kuwa joto likizidi huiua mota.

Lakini mkono wa fundi hugusa nje tu. Ndani kabisa, mahali mkono usipofika, nyaya za shaba zaweza kuwa karibu kuungua, na huku ganda lingali vuguvugu. Basi nani atatuambia joto la ndani? Nani alitufundisha kuhesabu joto lisiloonekana kwa macho wala kuguswa kwa mkono? Mtu aliyefungua njia hiyo alikufa mwaka 1830, kabla mota za umeme hazijaanza kufanya kazi viwandani. Jina lake ni Joseph Fourier. Someni habari zake.

1. Mwana wa mshona nguo

Joseph Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika mji wa Auxerre, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mshona nguo. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo. Joseph alipokuwa na umri wa miaka 9 mama yake alifariki. Haukupita muda mrefu, baba naye akafariki. Mtoto akabaki yatima.

Watu wema wa mji walimhurumia, wakamtafutia nafasi ya kusoma. Mwaka 1780 aliingia shule ya kijeshi ya mfalme, pale pale Auxerre. Ijapokuwa shule ilikuwa ya kijeshi, walimu wake walikuwa watawa wa Mtakatifu Benedikto. Watawa wa shirika hilo ndio waliofika Katanga mwaka 1910 na kufungua shule nyingi huku kwetu.

Mwanzoni Joseph alikuwa mtoto wa michezo na utundu. Alipotimiza miaka 13 alianza kuonja utamu wa hesabu, na tangu siku hizo hakushiba tena. Kabla hajamaliza mwaka wake wa 14 alikuwa amesoma vitabu 6 vikubwa vya hesabu vya mwalimu Bézout. Mchana haukumtosha. Inasimuliwa ya kuwa alikuwa akiokota vipande vya mishumaa vilivyoachwa jikoni na katika vyumba vya shule. Usiku, wenzake walipolala, aliviwasha mahali pa siri akasoma peke yake. Ndivyo alivyokua: mtoto asiye na baba wala mama, na kipande cha mshumaa mbele ya kitabu.

2. Mlango uliofungwa

Alipomaliza masomo, Joseph alitamani kuwa ofisa wa mizinga, maana kazi ile ilihitaji hesabu nyingi. Walimu wake walimwombea nafasi. Jibu likaja kwamba haiwezekani. Halikuja kwa sababu hajui hesabu, bali kwa sababu hakuzaliwa katika ukoo wa mabwana. Siku zile katika Ufaransa mwana wa mshona nguo, hata akiwa na akili namna gani, hakuruhusiwa kushika cheo hicho.

Basi mwaka 1787 akaenda monasteri ya Saint-Benoît-sur-Loire ajiandae kuwa padri. Huko aliwafundisha hesabu wanovisi wenzake, na katika saa za mapumziko aliendelea na utafiti wake. Lakini mwaka 1789 mapinduzi makubwa yalianza katika Ufaransa. Serikali mpya ilikataza watu wasiweke nadhiri za kitawa. Joseph aliondoka monasterini kabla ya kuweka nadhiri, akarudi Auxerre, akawa mwalimu katika shule ile ile iliyomlea.

3. Karibu na kifo

Mapinduzi yalianza kwa matumaini, kisha yakageuka kuwa damu. Watu walikatwa vichwa kwa neno la jirani tu. Fourier alikuwa mwanachama wa kamati ya mapinduzi ya mji wake. Alipoona ukatili umezidi alijaribu kujitoa, lakini hakuruhusiwa. Siku moja alipotumwa mji wa Orléans aliwatetea watu waliokuwa wakionewa. Kwa sababu hiyo alijipatia adui wenye nguvu.

Katika Julai 1794 alikamatwa, akatiwa gerezani. Wengi walioingia gerezani siku zile hawakutoka isipokuwa kwenda kuuawa. Fourier alikuwa na miaka 26. Lakini mwisho wa mwezi ule ule mkuu wa wakatili, Robespierre, aliangushwa na kuuawa. Milango ya magereza ikafunguliwa, na Fourier akatoka akiwa hai.

Mwaka 1795 alikwenda Paris kusoma katika shule mpya ya walimu. Waliofundisha humo walikuwa mabingwa wakubwa wa hesabu wa nchi nzima: Lagrange, Laplace na Monge. Mwanafunzi huyu aliwapendeza, na punde si punde akapewa kazi ya kufundisha katika shule kubwa ya ufundi ya Paris. Mlango uliofungwa mbele ya mwana wa mshona nguo sasa ulikuwa wazi.

4. Katika Misri, kisha Grenoble

Mwaka 1798 jemadari Napoleon Bonaparte alikwenda na jeshi lake kuivamia Misri, katika bara letu la Afrika. Alichukua pamoja naye wataalamu wengi, na Fourier akiwamo. Mjini Kairo waliunda chama cha elimu, na Fourier akawa katibu wake. Alikaa katika jua la Misri miaka mitatu, hata mwaka 1801, akisimamia utafiti wa majengo ya kale.

Aliporudi Ufaransa alitaka kuendelea kufundisha tu. Lakini mwaka 1802 Napoleon alimpa kazi nyingine: kuwa mkuu wa serikali katika jimbo la Isère, ambalo mji wake mkuu ni Grenoble. Hakupenda kuondoka Paris, lakini alitii, na kazi aliifanya kwa moyo wote. Karibu na Bourgoin palikuwa na mabwawa makubwa yaliyoleta homa na kuwadhoofisha watu. Watu wa zaidi ya vijiji 30 walikuwa na haki katika mabwawa yale, na kila kijiji kilikuwa na neno lake. Fourier alikwenda huku na huku, akasikiliza, akasihi, hata wakakubaliana. Mabwawa yakakaushwa, na mahali pa homa pakawa mashamba. Pia alisimamia ujenzi wa barabara ya milimani kutoka Grenoble kuelekea Turin, katika Italia.

Huko Grenoble alimtia moyo kijana mmoja aliyependa sana mambo ya Misri ya kale. Kijana huyo ni Champollion, ambaye mwaka 1822 alifaulu kusoma maandishi ya kale ya Wamisri, yaliyokuwa yamewashinda watu kwa miaka mingi.

5. Pete ya chuma

Basi mkuu huyu wa jimbo, mwenye barua na kesi nyingi mezani, alikuwa na kazi nyingine moyoni. Alitaka kujua namna joto linavyosafiri ndani ya vitu.

Kila mtoto anajua kidogo habari hiyo. Mama akisonga bukari juu ya mbabula, hushika mwiko wa mti, na mkono wake hauungui. Kama angeshika kijiko cha chuma, baada ya kitambo kidogo angekiacha. Joto limetembea toka chungu mpaka mkononi, na katika chuma limetembea vizuri kuliko katika mti. Jambo hili watu walilijua tangu zamani. Lakini hakuna aliyeweza kusema, kwa hesabu, mahali fulani patakuwa na joto kiasi gani baada ya muda fulani.

Fourier alichukua pete ya chuma. Akatoboa matundu ndani yake, na katika kila tundu akaweka kipimajoto. Kisha akaichoma pete upande mmoja tu. Akaandika namba za kila kipimajoto. Akauondoa moto, akaendelea kutazama na kuandika. Joto lilikwenda toka upande wa moto kwenda upande wa baridi, polepole, hata pete yote ikalingana, kisha ikapoa pamoja. Alijaribu pia miti ya chuma, tufe na vitu vya maumbo mengine.

Katika kutazama huko alipata kanuni ambazo hata mtoto wa shule aweza kuzishika.

Ya kwanza: joto hutoka palipo na moto zaidi kwenda palipo na moto kidogo. Tofauti ikiwa kubwa, joto jingi hupita. Njia ikiwa pana, hupita jingi. Ikiwa ndefu, hupita kidogo.

Ya pili: kila kitu kina uwezo wake wa kupitisha joto. Kimoja ni kama barabara kuu, kingine ni kama kichaka chenye miiba.

Ya tatu: hesabu ya joto ni kama hesabu ya duka. Chukua joto lililoingia mahali, ondoa lililotoka. Lililobaki ndilo linalopandisha joto la mahali pale. Kama linaloingia na linalotoka ni sawasawa, mahali pale hapapandi tena wala hapashuki.

Kwa kanuni hizo Fourier aliandika mlinganyo mmoja mfupi wa hesabu unaoeleza safari ya joto katika kitu chochote kigumu. Lakini mlinganyo ni kama kufuli, bado ufunguo. Ufunguo aliouona ni huu. Usiku wa sherehe ngoma nyingi hulia pamoja, kubwa na ndogo. Mlio unaofika sikioni ni mmoja, tena umechanganyika. Lakini mpiga ngoma hodari aweza kuutenga, akasema: hii ni ngoma kubwa, hii ni ndogo. Vivyo hivyo, Fourier alisema ya kuwa joto lililotapakaa ovyo katika pete laweza kutengwa kuwa mawimbi mengi, makubwa na madogo. Kila wimbi hufa kwa mwendo wake: mawimbi madogo ya kukaribiana hufa upesi, yale marefu hufa polepole. Hesabu kila wimbi peke yake, kisha uyajumlishe. Utapata joto la kila mahali kwa kila saa.

6. Miaka 15 ya kungoja

Tarehe 21 Desemba 1807 Fourier alipeleka maandiko yake mbele ya wataalamu wa Paris. Waliopewa kazi ya kuyachungua ni Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Watatu wa kwanza walikuwa walimu wake. Ni rahisi kuwaza furaha aliyoitarajia. Lakini Lagrange, aliyemheshimu kuliko wote, alikataa. Hakusadiki ya kuwa mstari wowote, hata wenye kona, waweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi. Maandiko hayakuchapishwa.

Baadaye ilitangazwa zawadi kwa mtu atakayeeleza vizuri habari za joto. Fourier aliandika tena, akaongeza mengi. Mwaka 1812 alipewa zawadi. Lakini waamuzi walitia pamoja nayo neno la lawama, kwamba uthibitisho wake haujatimia. Na tena maandiko yakawekwa kabatini.

Angeweza kukasirika akatupa kalamu. Hakufanya hivyo. Tena haifai kusema ya kuwa wapinzani wake walikuwa wajinga au wenye wivu tu. Katika hesabu kuna sehemu ambazo Fourier alikuwa ameona kweli kabla ya kuithibitisha, na wataalamu waliomfuata walihitaji miaka mingi kuujenga uthibitisho huo. Lagrange alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini pete ya chuma nayo ilikuwa na haki ya kujibu, maana namba za vipimajoto zilikubaliana na hesabu za Fourier.

Mwaka 1815 Napoleon alianguka kabisa, na Fourier akakosa kazi na fedha. Mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Paris, alimkumbuka akampa kazi ya kusimamia takwimu. Mwaka 1816 wataalamu walimchagua aingie Akademia ya Sayansi. Mfalme akakataa, kwa sababu Fourier alikuwa amemtumikia Napoleon. Mwaka 1817 walimchagua tena, na mara hii mfalme akakubali.

Mwishowe, mwaka 1822, kitabu chake kikubwa cha habari za joto kilichapishwa. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu siku ile ya Desemba. Mwaka ule ule alifanywa katibu wa kudumu wa Akademia. Mwaka 1824 aliandika pia juu ya joto la dunia yetu, akaeleza ya kuwa hewa inayoizunguka dunia huzuia joto lisitoroke upesi.

Tangu aliporudi kutoka Misri, Fourier aliogopa sana baridi. Watu husimulia ya kuwa alivaa nguo nzito hata siku za jua, na vyumba vyake vilikuwa vya moto kiasi cha kuwashinda wageni. Katika Mei 1830 alianguka katika ngazi za nyumba yake. Tarehe 16 Mei 1830 alifariki, akiwa na miaka 62. Alizikwa Paris.

7. Kutoka pete mpaka mota

Kazi ya Fourier haikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1827, yeye akiwa bado hai, mwalimu mmoja wa Ujerumani jina lake Georg Ohm alichukua njia zake za kuhesabu joto akazitumia kuhesabu mkondo wa umeme katika waya. Baadaye mota za umeme zilipofika, mafundi walifanya kinyume chake: walichora njia za joto ndani ya mota kama mtu achoravyo nyaya za umeme. Hivyo umeme ulilipa deni lake kwa joto.

Tazameni ndani ya mota. Joto huzaliwa mahali pengi. Huzaliwa katika nyaya za shaba, kwa sababu umeme hupita kwa shida kidogo. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto hili huongezeka mara 4. Huzaliwa katika chuma, kwa sababu sumaku yake hugeuzwa-geuzwa mara nyingi kwa sekunde. Huzaliwa katika beringi, kwa msuguano. Tena huzaliwa katika hewa yenyewe inayosuguliwa na sehemu inayozunguka.

Sasa joto lazima litoke. Lile la shaba hupita vanishi na karatasi inayofunika nyaya, kisha chuma, kisha ganda, kisha huchukuliwa na hewa. Shaba ni barabara kuu: hupitisha joto karibu mara 5 kuliko chuma. Lakini vanishi ni kichaka: shaba hupitisha joto kama mara 2,000 kuliko vanishi. Na hewa iliyotulia ni mbaya zaidi. Ndiyo maana ganda laweza kuwa vuguvugu na shaba ikawa karibu kuungua. Tena nyaya zikipata joto zaidi kwa digrii 100, ugumu wao wa kupitisha umeme huongezeka kwa karibu 40 katika kila 100, na hivyo huzaa joto jingine. Na vanishi, ikizidishiwa digrii 10 tu juu ya kipimo chake, uhai wake hupungua karibu nusu. Ikiungua, nyaya hugusana, na mota imekufa.

Kwa hiyo mhandisi huigawa mota, katika karatasi au katika kompyuta, kuwa sehemu nyingi, kama mtu agawavyo kijiji katika nyumba. Kwa kila nyumba hufanya hesabu ya duka: joto gani limezaliwa humu, gani limeingia toka kwa jirani, gani limetoka, gani limebaki. Kompyuta huhesabu nyumba zote pamoja, na mhandisi huona joto la mahali ambapo mkono hautafika kamwe. Hesabu hiyo ni ile ile ya pete ya chuma.

Kazi huwa ngumu zaidi katika mota za mbio. Mota nyingi za karakana zetu huzunguka karibu mara 1,500 au 3,000 kwa dakika. Mota za mbio huzunguka mara 20,000, au 50,000, au hata zaidi. Mota ya mbio, ijapokuwa ndogo, yaweza kufanya kazi ya mota kubwa. Lakini udogo una gharama yake. Chukua sanduku, upunguze kila upande uwe nusu: ngozi yake ya nje inabaki robo tu. Joto ni jingi, na mlango wa kutokea ni mdogo. Tena mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu inayoliwa na msuguano wa hewa huongezeka karibu mara 8. Sehemu ya katikati inayozunguka haigusi chuma cha pembeni. Joto lake hutoka kwa shida kupitia upenyo mwembamba wa hewa, na sumaku zilizomo zikipata moto sana hupoteza nguvu. Ndiyo sababu wengine hupitisha maji katika ganda la mota hizo, na wengine huzinyunyizia mafuta ndani. Lakini maji yapite wapi, na mafuta kiasi gani? Hayo hayajulikani kwa kukisia, ila kwa hesabu.

8. Katika nchi ya shaba

Habari hizi zatuhusu sisi watu wa Katanga. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu mwaka 1911, na mota haziwezi kufanywa bila nyaya. Mwaka 1930 umeme ulianza kutolewa kwa maporomoko ya Mwadingusha, katika mto Lufira. Mwaka 1952 treni za umeme zilianza kwenda kati ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Tenke. Treni yenye kupanda kilima na mzigo huvuta mkondo mkubwa wa umeme, na mota zake hupata moto. Ndiyo maana feni hupuliza hewa juu yake.

Tena lipo jambo la mji wetu wenyewe. Mota za kawaida hupimwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na kwa hewa isiyozidi digrii 40. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, nayo hubeba joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Fundi wa Lubumbashi asiyejua hesabu ya joto aweza kuibebesha mota mzigo ulioandikwa ubavuni mwake, kumbe kwa hewa yetu mzigo huo wataka uangaliwe tena.

Na mota ikisimama, si hasara ya fedha tu. Mwaka 2011 pampu za mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ziliposhindwa na maji, sehemu za chini za mgodi zilifurika, na kuyatoa maji hayo ilikuwa kazi ya miaka. Hapo mtu huelewa ya kuwa mashine izungukayo gizani bila kuonekana hubeba kazi ya watu wengi.

Jina la Fourier limeandikwa pamoja na majina mengine 71 juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris. Katika Auxerre walimsimamishia sanamu ya shaba nyeusi. Katika vita kuu ya pili sanamu hiyo iliondolewa ikayeyushwa. Moto uliichukua sanamu, lakini hesabu zake haukuweza kuziyeyusha. Kila mhandisi anayetafuta njia ya kulitoa joto katika mota hufuata mguu wa yatima yule wa Auxerre, aliyekataliwa kwa ajili ya ukoo wake, akakaribia kuuawa, akangoja miaka 15, wala hakuacha kupima.

Mvumilivu hula mbivu. Nanyi, mkipewa hesabu ngumu, msiseme haina kazi. Hamjui bado ni mashine gani itaizunguka kesho.

Maswali

1. Baba yake Fourier alifanya kazi gani? Nani walimfundisha Joseph?
2. Kwa nini alikataliwa kuwa ofisa wa mizinga?
3. Eleza alivyofanya na pete ya chuma.
4. Kwa nini mwiko wa mti hauunguzi mkono wa mama?
5. Taja mahali pawili ambapo joto huzaliwa ndani ya mota.
6. Ganda la mota ni vuguvugu tu. Je, fundi aweza kuwa na hakika ya kuwa nyaya za ndani ni salama? Toa sababu.
7. Kwa nini hewa ya Lubumbashi hupoza mota kidogo kuliko hewa ya pwani?